Kuku wa Silki wa kijivu wanatoa vifaranga weusi: nimeuziwa lavenda feki?

tetea_mweupe: Habari wakuu. Nina jogoo wa Silki wa kijivu na matetea wawili wa kijivu, wameuzwa kama "lavenda safi", yaani aina ya kijivu hafifu. Hakuna jogoo mwingine aliyewahi kuingia bandani. Mayai 18 mashineni wametoka 14: wanane kijivu, watatu weusi, watatu weupe-weupe wenye madoa ya kijivu. Lengo ni kuuza kijivu tupu. Damu imechanganywa? Na nikileta jogoo mweupe itakuwaje?

Jogoo la Shamba: Damu chafu hiyo mkuu. Weusi piga supu, bakiza kijivu, kizazi cha 3 watatulia.

fundi_mayai: Hawatatulia hata kizazi cha 30. Hao ni bluu, si lavenda. Jeni ya bluu ikiwa nakala moja, kuku mweusi anakuwa kijivu. Nakala mbili, anakuwa mweupe mwenye madoa, wale wanaitwa splashi. Bluu kwa bluu, kati ya 4 tarajia mweusi 1, bluu 2, splashi 1. Hesabu yako ya 3, 8, 3 imeangukia hapo hapo.
Ushahidi mkubwa ni hao wa madoa. Splashi lazima apate nakala moja kwa baba na moja kwa mama, kwa hiyo wazazi wote wawili ni bluu. Lavenda inajificha, yaani haionekani mpaka kuku awe na nakala mbili: lavenda kwa lavenda inatoa lavenda watupu, mweusi hatoki kamwe.
Na weusi usiwachinje! Splashi kwa mweusi ndiyo inakupa bluu asilimia 100. Kijivu tupu unachotaka kinatoka kwa hao ambao wengi wanawatupa.

mama_vifaranga: Kuwatofautisha kwa macho: bluu ana shingo na mgongo uliokoza kuliko kifua, hasa jogoo. Lavenda ni rangi moja kichwa hadi mkia. Kuku wa manyoya ya kawaida, chomoa nyoya la kifua uliweke juu ya karatasi nyeupe. La bluu mara nyingi lina pindo jeusi ukingoni. Kwa Silki pindo hilo halisomeki, nyuzi za nyoya hazishikani. Silki usimwamini kwa nyoya, mwamini kwa vifaranga.

tetea_mweupe: Asante. Nikiona mwingine anauzwa kama lavenda nitampimaje?

fundi_mayai: Mpandishe kwa tetea mweusi. Bluu atatoa nusu bluu nusu weusi. Lavenda atatoa weusi wote. Bluu kutoa weusi watupu mara 7 mfululizo ni bahati ya 1 kati ya 128, kwa hiyo vifaranga 8 hadi 10 wanatosha.
Jaribio linaharibika sehemu mbili. Kwanza, tetea asitoke ukoo wenye lavenda. Akiwa ameibeba kwa siri, jogoo wa lavenda naye atatoa kijivu nusu, utasema ni bluu. Pili, tetea huhifadhi mbegu za jogoo wa zamani wiki 2 hadi 3. Mtenge siku 21 kabla ya kumpa jogoo mpya, halafu andika jina la tetea kwa penseli kwenye kila yai lake. Siku ya 18 mashineni mayai ya kila tetea yaingie kikapu chake cha waya, la sivyo wakishatoka hujui nani wa nani.

mama_vifaranga: Huyo jogoo mweupe usimwingize kwa bluu kabla ya kumpima. Weupe wa Silki mara nyingi ni ule unaojificha, nao unafunika rangi yoyote iliyo chini: anaweza kuwa mweusi, bluu, hata wa dhahabu, humjui. Mpe matetea weusi. Wakitoka wenye rangi wote, ni weupe unaojificha; bluu akitokea ndiyo aliyokuwa anaificha, ila dhahabu inaweza kufunikwa na weusi wa tetea. Wakitoka weupe wenye vinyoya vyeusi viwili vitatu, ni weupe unaotawala kama wa kuku wa Leghorn. Akitoka mweupe safi asiye na doa, tetea wako naye ameubeba weupe unaojificha. Subirini manyoya ya kweli yaote ndipo mhesabu, malaika ya siku ya kwanza yanapotosha.

Jogoo la Shamba: Basi supu nimeifuta. Splashi abakize majogoo au matetea?

fundi_mayai: Jogoo mmoja wa splashi, matetea weusi wanne watano. Jeni ya bluu haifuati jinsia, ukigeuza matokeo ni yale yale. Ila ukibakiza jogoo, splashi mmoja tu anatosha.