Tupeane uzoefu: vipeuo vya pili ulivielewa lini, na kwa njia gani?

Wakuu, nipo Uyole, Mbeya. Binti yangu wa kidato cha pili juzi karudi na daftari limejaa wino mwekundu. Kosa ni lilelile: √(9 + 16) kaandika 3 + 4, akapata 7. Ndani ni 25, jibu ni 5. Na mimi nilikuwa nakosea hapohapo, inaniuma kuona amerithi. Nyie mlitokaje?

Mdau, Tukuyu: Kwenye kuzidisha unaruhusiwa kutenganisha, kwenye kujumlisha hapana. √(9 × 16) ni 3 × 4. Kurahisisha tulifundishwa kwa jozi: 72 ivunje kwa namba tasa, 2 × 2 × 2 × 3 × 3. Kila jozi inatoa mmoja nje, asiye na mwenzake anabaki ndani. Kwa hiyo √72 ni 6√2.

Mdau, Mafinga: Huku kwetu ni mbao tu, nami nilielewa kwa mbao. √50 + √8 hazijumlishiki mpaka uzipasue saizi moja: 5√2 na 2√2, jumla 7√2. Anayeandika √58 kaunganisha zisizolingana.

Mdau, Makambako: Mimi shuleni sikuambulia kitu, nilielewa shambani. Eka tunapima hatua 70 kwa 70, sivyo? Eka ni yadi za mraba 4,840. Tafuta upande: 4,840 ni 484 × 10, na 484 ni 22 × 22. Unapata 22√10, kama 69.57. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi, ndiyo maana 70 inafaa kabisa! Lakini siku hizi mtu anakuja na tepu, anapima mita 70 kwa 70 na bado anaita eka. Eka ni mita za mraba 4,047 hivi, upande mita 63.6. Mama yangu aliuza kipande namna hiyo, zikaenda bure mita za mraba 853. Ningekijua kipeuo mapema ningemzuia.

Uyole tena: Mkuu, mpe mama pole. Jioni nimempa binti hiyo 4,840. Kaanza na 4 × 1,210, katoa 2√1,210, kakwama. Nikamwambia chungulia tena ndani. Kaiona 121 mwenyewe! Sasa anauliza 6/√3, kipeuo cha chini kinaondokaje, nimwelezeje?

Mdau, Tukuyu: Azidishe juu na chini kwa √3. Inakuwa 6√3/3, yaani 2√3.