Kikundi cha familia: Baba Mdogo na njia isiyopita magari

Mimi (Silver Spring), 08:12
Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi, na wengine wote hamjambo. Viza ya Baba Mdogo imetoka, kwa hiyo naomba tulijadili mbele ya wote lile nililomdokezea kwenye simu. Atakapokuja mwezi wa Septemba, ningependa tuendeshe baiskeli pamoja huku Marekani kutoka Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, hadi Cumberland, jimbo la Maryland, mwendo wa kilomita 240 hivi, tukipita mashambani, misituni na kandokando ya mito kwenye njia ambayo magari hayaruhusiwi. Njia yenyewe inaitwa Great Allegheny Passage.

Shangazi (Muheza), 08:31
Marahaba mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Mdogo wangu huyu, Baba yenu Mdogo, ana miaka 66, na sote tunakumbuka alivyoletwa nyumbani kwa bajaji, bega limeteguka, baada ya basi kumsukumia mtaroni. Tangu siku ile hajapanda baiskeli, nami nilimshukuru Mungu. Leo unataka kumpandisha tena, tena ugenini?

Mimi (Silver Spring), 08:44
Shangazi, siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta njia za namna hii. Baba Mdogo alikuwa ameendesha tangu utotoni, alitupakia kwenye keria kwenda shule, na hakuwahi kuanguka mpaka dereva mmoja alipoamua kwamba barabara ni yake peke yake. Njia ninayoisema ilikuwa ya reli. Kampuni ya Western Maryland iliacha kupitisha treni zake kwenye sehemu ya milimani mwaka 1975, reli na mataruma yakang'olewa, tuta likabaki. Watu wa vijiji na miji ya huko wakaanza kulitengeneza kipande kwa kipande: cha kwanza kilifunguliwa karibu na Ohiopyle mwaka 1986, na cha mwisho cha kuingia Pittsburgh kilikamilika mwaka 2013. Juu yake wamemwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa laini na kushindiliwa. Zipo sehemu njia inapokatana na barabara, na hapo utashuka, utatazama pande zote, utavuka, kisha utarudi kwenye utulivu wako.

Mdogo Wangu (Morogoro), 09:02
Shikamooni wazee wangu. Dada, nimetazama ramani na naona Allegheny ni safu ya milima. Mtu ambaye hajakanyaga pedali kwa miaka tisa ataipandaje?

Baba Mdogo (Tanga), 09:20
Marahaba. Hilo niacheni nilijibu mimi, maana nimetembea juu ya reli kwa miaka 31 nikiwa kwenye gengi la matengenezo ya njia. Treni haipandi mlima kama gari linavyopanda. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, kwa hiyo aliyepima njia hulazimika kuuzunguka mlima, kuukata ubavuni au kuutoboa, na mabonde kuyajaza tuta au kuyavusha daraja, ili kwa kila mita mia moja njia ipande mita moja, au pungufu kidogo ya mbili. Ukiing'oa reli, kazi hiyo yote inabaki ardhini. Mwenye baiskeli anapita juu ya mwinuko uliopimwa kwa ajili ya mabehewa ya makaa ya mawe, na gia ya kawaida inamtosha. Ninachouliza mimi ni hiki, mwanangu: tunaanzia upande upi? Milima ya reli mara nyingi ina ubavu mmoja mrefu na mwingine mfupi.

Mimi (Silver Spring), 09:41
Baba Mdogo, umepiga penyewe. Kilele kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari, mahali maji ya mvua yanapogawana: ya upande mmoja huishia Ghuba ya Meksiko, na ya upande wa pili huteremkia Atlantiki. Anayeanzia Cumberland hupanda zaidi ya mita 500 ndani ya kilomita 38 tu. Anayeanzia Pittsburgh hupanda taratibu kwa kilomita 200 hivi, na kwa muda mrefu hata hahisi kwamba anapanda. Kwa hiyo tutaanzia Pittsburgh. Kutoka hapa Washington tutapanda treni ya Amtrak, ambayo hupokea baiskeli kwa nafasi iliyolipiwa mapema.

Nimepanga siku nne: West Newton siku ya kwanza, kilomita 58, Ohiopyle siku ya pili, kilomita 67, Meyersdale siku ya tatu, kilomita 65, na Cumberland siku ya nne, kilomita 51, nyingi zake za kuteremka. Kila usiku tutalala nyumba ya wageni, tutaoga maji moto na kula chakula cha mezani. Ukisikia goti linauma, tutakaa siku ya tano na hata ya sita.

Shangazi (Muheza), 10:05
Na huko milimani mwamba ulikotobolewa ili reli ipite, mtapita gizani?

Mimi (Silver Spring), 10:19
Handaki refu kuliko yote linaitwa Big Savage, lina urefu wa karibu kilomita moja, na ndani limewekwa taa. Wakati wa baridi kali hufungwa, lakini Septemba huwa wazi. Mwaka jana nilifika mlangoni pake nikitiririka jasho, na nilipoingia ubaridi ulinipiga kifuani kana kwamba nimefungua jokofu; ilibidi nisimame nivae sweta. Ndani nilisikia matone ya maji na cheni yangu mwenyewe. Kwa mbali kulikuwa na nukta ya mwanga ndogo kama punje ya mtama, ikakua, ikakua, mpaka nikatokea upande wa Maryland na mabonde yote yako chini yangu. Nililia, Shangazi, kwa sababu nilitamani Baba Mdogo awe pale.

Sitawaficha magumu yake. Karibu na Ohiopyle mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo nitawaandikia kila asubuhi kabla ya kuondoka na kila jioni tukifika. Mvua ikinyesha, unga wa chokaa hugeuka uji unaoganda kwenye cheni na breki. Mimi niliupuuza siku ya kwanza, na siku ya pili cheni ililia kama mlango mkavu mpaka nilipoiosha kwa chupa ya maji, nikaipangusa kwa kipande cha kanga na kuitia mafuta upya. Safari hii nitabeba mafuta, tyubu mbili, viraka na pampu.

Mdogo Wangu (Morogoro), 10:33
Naona kutoka Cumberland kuna njia nyingine inayofika hadi Washington. Kwa nini msiunganishe?

Mimi (Silver Spring), 10:52
Hiyo ni njia ya kandokando ya mfereji wa Chesapeake na Ohio, yaani C&O, kilomita 297, ambayo nyumbu waliipita wakivuta mashua hadi mfereji ulipoachwa mwaka 1924. Baadaye ulitolewa mpango wa kuipasua kwa barabara ya magari, na mwaka 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, akaitembea kwa miguu kuupinga. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mahali hapo pakawa hifadhi ya taifa. Naipenda sana na huendesha kipande chake kila Jumapili, lakini sehemu nyingi ni za udongo, zina mizizi na madimbwi, na huko katikati wasafiri wengi hulala kwenye mahema. Kwa Baba Mdogo nakataa. Tukishapumzika nitampeleka siku moja kutoka Great Falls hadi Georgetown, kilomita 23 hivi, akayaone malango ya maji ya mfereji huo.

Baba Mdogo (Tanga), 11:10
Hapa kwetu ilikuwapo reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya misitu ya Amani. Wazee walinisimulia jinsi treni ilivyokuwa ikienda mbele na kurudi nyuma ili kuupanda mlima. Natamani tuta lake lingepata watu kama hao wa Ohiopyle, watoto wa Muheza wakaendesha humo bila kuogopa lori.

Dada, nisikilize. Sikuacha baiskeli kwa kuichoka. Niliacha kwa sababu kila nilipotoka, masikio yangu yalikuwa nyuma kabla ya macho kutazama mbele.

Shangazi (Muheza), 11:34
Hilo hukuwahi kuniambia. Basi nina masharti mawili: aonwe kwanza na daktari, moyo na magoti, na aanze mazoezi sasa hivi, alfajiri, kabla magari hayajajaa barabarani.

Baba Mdogo (Tanga), 11:41
Nimekubali yote mawili. Phoenix yangu iko kwa fundi tangu juzi, anabadilisha mipira ya breki.

Mimi (Silver Spring), 11:45
Ahsante sana, Shangazi. Baba Mdogo, mwenye duka la kukodisha anahitaji urefu wa mguu wako kwa upande wa ndani, bila viatu, ili akutengee baiskeli inayokufaa.

Baba Mdogo (Tanga), 12:20
Fundi cherehani amenipima sasa hivi. Sentimita 79.