Ramani kongwe za njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji: nianzie wapi mtandaoni?

Swali

Habari za kazi, wanajukwaa. Nafundisha historia sekondari, na mada inayofuata darasani ni biashara ya misafara ya karne ya 19. Kitabu tunachotumia kina mchoro mdogo wenye mshale mmoja unaotoka Bagamoyo, unapita Tabora na kuishia Ujiji. Ningependa wanafunzi waone ramani zilizochorwa zama hizo zenyewe. Je, zipo zinazopatikana bure, kwa ukubwa unaowezesha maandishi madogo kusomeka? Na je, zinaaminika?

Jibu la 1

Mwalimu, zipo nyingi. Anza na mkusanyo wa David Rumsey, wenye kituo chake Chuo Kikuu cha Stanford, ambako unaweza kukuza picha hadi jina la kijito lisomeke, kisha ukaipakua bila malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara. Pitia pia Maktaba ya Bunge la Marekani, na Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Old Maps Online nayo hutafuta katika maktaba nyingi kwa mara moja: unasogeza ramani ya dunia hadi eneo lako, unachagua miaka, inakuletea orodha.

Kinachowakwamisha wengi ni tahajia. Kwenye ramani za Kijerumani utakuta Muansa, Bagamojo, Udjidji na Kilimandscharo. Lushoto imeandikwa Wilhelmstal, na Tukuyu ni Neu-Langenburg. Ukitaka undani zaidi, ingawa hizi ni za baadaye kidogo, tafuta Karte von Deutsch-Ostafrika (Ramani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani), yenye karatasi nyingi za skeli ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Usiandike jina la kijiji katika kisanduku cha kutafutia, kwa sababu kwa kawaida maktaba huorodhesha kichwa cha karatasi tu. Tafuta mji mkubwa ulio jirani, kisha ukague karatasi hiyo kwa macho.

Jibu la 2

Nijibu hilo la kuaminika, kwa kuwa ndilo lenye somo kubwa. Tafuta ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyozua mjadala mkali huko London mwaka 1856. Katikati yake pamelala ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la koa, mahali ambapo leo tunajua yapo maziwa matatu: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wachoraji hawakufika huko. Walikaa pwani, Erhardt akiwa Tanga kwa muda, wakawauliza watu wa misafara, na kila aliyetoka bara, kwa njia yoyote ile, aliwaambia kwamba safari huishia kwenye maji makubwa.

Walioulizwa walisema kweli tupu. Kosa lilikuwa katika kuyaunganisha maji hayo kuwa ziwa moja. Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walitumwa kuchunguza jambo hilo, wakafika Ujiji Februari 1858 kwa kufuata njia ambayo wapagazi na wafanyabiashara walikuwa wakiipita miaka mingi. Mimi ningeiweka ramani hiyo mbele ya wanafunzi kabla ya nyingine yoyote, niwaulize habari zake zilitoka kwa nani, na kwa nini majina ya watu hao hayamo.

Jibu la 3

Naongeza la kiufundi. Ramani uliyoipakua unaweza kuilaza juu ya ramani ya leo kwa programu ya QGIS, ambayo ni ya bure. Unachagua alama zinazoonekana kwenye ramani zote mbili, na programu inaivuta ile kongwe ikae mahali pake. Tumia makutano ya mito, rasi na visiwa. Vijiji viache, kwani vingi vilihama. Angalia pia longitudo zinahesabiwa kutoka wapi: baadhi ya ramani za zamani huanzia Paris, nyingine Ferro, kisiwa kimojawapo cha Visiwa vya Kanari, iliyo nyuzi 17 na dakika 40 magharibi ya Greenwich, na usipolitambua hilo Tabora itaangukia mbali kabisa.

Katika zile karatasi za Kiepert, tazama pia mistari ya njia walizopita wasafiri. Kandokando ya mstari vijiji na vijito vimejaa. Ukienda mbali nao karatasi inabaki nyeupe, hata pale palipokuwa na watu wengi. Waeleze wanafunzi kwamba weupe huo unaonyesha tu mahali ambapo mpimaji hakupita.