Ijumaa saa tatu nasimama mbele ya jopo, paa bado halijakaa

MchoraSoko

Wakuu, habari za jioni. Nasoma usanifu majengo mwaka wa tatu, hapa Dar. Kazi ya muhula huu ni soko dogo la mtaa karibu na bahari: samaki, mboga, mamalishe, vyoo. Ijumaa saa tatu asubuhi nabandika shiti zangu za michoro ukutani, mbele ya jopo la walimu. Leo Jumapili nina plani moja (mchoro wa jengo likitazamwa kutoka juu) na modeli ya kadibodi isiyo na paa. Paa lenyewe nimelibadilisha mara nne tangu Alhamisi.

Mara iliyopita nilikesha siku tatu. Saa moja asubuhi ya siku yenyewe niko steshenari, flashi mkononi, mbele yangu foleni ya darasa zima. Shiti zikatoka mistari yote unene mmoja, ukuta na vigae huvitofautishi. Nilipoanza kueleza, mwalimu mmoja akauliza, "Upepo unaingia wapi?" Nikajibu, "Madirishani, mwalimu." Darasa likaangua kicheko, na mimi nikasahau hata ngazi nilizipeleka kule kwa nini.

Mliopita huko mlijipangaje?

DadaMwakaWaTano

Dogo, paa liamue kesho. Jumanne usiku funga dizaini hata kama huipendi. Kuanzia Jumatano unachora tu, hubuni. Ukigusa paa Alhamisi, Ijumaa plani haitalingana na mkato (mchoro wa jengo kana kwamba limekatwa wima), na jopo wataliona hilo kabla hujafungua mdomo.

Chukua karatasi ya A4 uchore shiti zako zote ndogondogo, plani hapa, mkato pale. Utajua unadaiwa michoro mingapi. Ukuta uliokatwa upe mstari wa milimita 0.5, vinavyoonekana nyuma yake 0.25, vigae 0.13. Kisha chapisha majaribio kwenye A3. Kumbuka A1 ikishuka A3 urefu unakuwa nusu, kwa hiyo skeli yako ya 1:100 inasomeka 1:200. Usije ukaweka rula ukadhani umekosea jengo zima. Bandika, rudi nyuma hatua tatu. Usichokisoma hapo, nao hawatakisoma.

Kuploti, yaani kuchapisha shiti kubwa, ni Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Peleka PDF. Faili la programu likifunguliwa kwenye kompyuta ya watu, maandishi yanahama.

MkatoKwanza

Kijana, swali la upepo lilikuwa zawadi, ukaliacha lipite. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini mashariki. Pepo zote mbili zina upande wa mashariki ndani yake. Sasa meza zako za samaki ziko wapi? Zikiwa mashariki, harufu itawafuata mamalishe kwenye wali wao karibu mwaka mzima. Hilo ndilo jibu walilokuwa wanalitafuta, sio dirisha. Na mshale wa hewa uchore kwenye mkato: inaingia usawa wa muuzaji aliyekaa, inatokea juu chini ya paa.

Paa likikusumbua, litazame la soko la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli: miavuli ya zege iliyopinduliwa, inakinga jua na hapohapo inakusanya maji ya mvua. Sikwambii uige. Jaribu tu kulichora kwa mkato mmoja uone ulivyobaki na machache ya kusema.

Halafu ngazi. Kimo cha kidato kimoja mara mbili, jumlisha upana wa kukanyagia, ije kati ya milimita 600 na 630. Kila jopo lina mzee mmoja anayeanzia kwenye ngazi. Asipoanzia hapo, anaanzia mlango wa choo.

GundiMkononi

Mimi nilijikata kidole nikikata modeli saa tisa usiku. Shiti ya pili ikapata doa la damu pembeni ya ukuta wa nje. Jopo wakauliza kama ni tofali za kuchoma. Nikasema ndiyo. Lala, ndugu yangu.

MchoraSoko

Asanteni sana. @MkatoKwanza, nimefungua plani sasa hivi: samaki wako kusini mashariki kabisa, mamalishe nyuma yao. Nilidhani nimewaweka karibu na bahari kwa busara.

Nimegeuza plani nzima. Samaki wamekwenda magharibi, gari la taka nalo linawafikia bila kupita kwa wateja. Ila choo sasa kinatazamana na geti kuu. Bado ni Jumapili, sijavunja sheria ya dada. Nikikisogeza nitaweka picha hapa.