Anayekunywa methadoni, hajaacha unga?

Ndugu zangu, Ijumaa iliyopita barazani kwetu mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema methadoni, ile dawa ya kliniki ya kuwatibu waraibu wa heroini, ni unga wa serikali, na mwenye imani ya kweli huacha kwa dua tu. Vijana wawili wanaokwenda kliniki kila asubuhi walikuwa wamekaa palepale. Wakainamisha vichwa. Walokole nao nimewasikia wakisema hivyohivyo kwa lugha yao ya mapepo.

Mimi dua naiamini. Mdogo wangu alibwia unga miaka tisa. Arosto ya kwanza, yale mateso ya mwili ukikosa unga, aliimalizia chumbani kwa mama: anatapika, kamasi zinachuruzika, miguu haitulii kitandani, na mama mlangoni anasoma Yasini. Siku ya kumi akatoka mzima, tukachinja kuku. Wiki ya sita akarudi kijiweni, akajidunga kipimo chake cha zamani. Mwili ulishakisahau. Tulimkuta uani midomo imekuwa ya buluu. Kwa rehema za Mungu alizinduka, lakini wangapi tumewazika hivyohivyo, wametoka tu kwenye maombi au jela?

Ndipo tukampeleka kwenye methadoni, ambayo Muhimbili wameitoa tangu 2011. Arosto ikakoma. Ila dawa humezwa mara moja, siku ina saa nyingi, na marafiki zake wote walikuwa mateja. Kilichomshika hapo ni msikiti: kujaza mapipa ya udhu, kufagia ukumbi, kuitwa kwa jina lake. Hata soba hausi za Unguja, zile nyumba wanakoishi wanaoacha unga, zinafuata hatua kumi na mbili zilizotoka kwa walevi wa Marekani, nazo zinamtaja Mungu waziwazi. Kwa hiyo sikubali imani itolewe kwenye tiba. Ninachokataa ni kumwambia mgonjwa achague.

Sasa naomba wenye elimu wanisaidie. Dozi yake hunywewa asubuhi mbele ya nesi, haibebwi nyumbani, na akiikosa arosto inarudi. Qur'ani imemruhusu mgonjwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine (al-Baqara 184). Huyu anayekunywa kila siku, mwaka mzima, atalipa lini? Ni fidya, yaani kulisha maskini badala ya kufunga? Ramadhani iliyopita alifunga siku nne bila kutuambia, ya tano tukamkuta anatetemeka kitandani. Hii nyingine inakaribia, na ameshaanza kuniuliza.