Ulinganisho: miito ya wazi, masoko ya mashabiki au kuuza mwenyewe – pa kuanzia kuandika RPG ukiwa Nairobi

kete_ishirini

Wakuu, hamjambo. Naendesha meza ya RPG (michezo ya mezani ya kuigiza wahusika) na sasa nataka kuandika kwa malipo, jioni baada ya kazi. Nimejipa miezi mitatu ya kuanzia. Naona milango minne: miito ya wazi ya wachapishaji wanaolipa kwa neno, masoko ya mashabiki kama DMsGuild, kuuza kazi yangu kwenye tovuti za itch.io au DriveThruRPG, na mashindano. Kiingereza cha kuandika ninacho, kuchora sijui. Mlango upi kwanza, na kwa nini?

mhariri_kasarani

Ndugu, kama lengo ni kuandikia wengine, lenga miito ya wazi. Ila jua mhariri anasoma akitafuta nini. Wazo ambalo halijawahi kusikika halimsumbui sana. Anamtafuta mtu atakayeleta alichoombwa, kwa urefu ulioombwa, siku iliyoombwa. Mwito ukisema maneno 150 nawe ukatuma 210, ameshapata jibu lake kabla hajafika sentensi ya pili.

Mwito mzuri hutaja mfumo wa mchezo, aina ya kazi (tukio zima, yaani kisa cha kuchezwa, viumbe, vitu vya kichawi, mji), urefu wa pendekezo, sampuli inayotakiwa, malipo na makataa. Ukikuta hautaji hakimiliki inabaki kwa nani au malipo hutoka lini, uliza kabla ya kutuma. Mchapishaji makini hakasiriki kwa swali hilo. Kulipwa rasimu ikikubaliwa na kulipwa kitabu kikichapishwa ni mambo mawili mbali kabisa: kitabu kinaweza kukwama mwaka mzima kwa sababu ya michoro au uchapaji, na pesa zako zikakwama nacho. Tafuta kifungu chenye idadi ya siku, 30 au 60 baada ya rasimu ya mwisho kukubaliwa. Angalia pia kama kuna fidia mradi ukifutwa wewe ukiwa umeshaandika.

Viwango utakavyokutana navyo zaidi ni senti 5 hadi 10 za Marekani kwa neno. Tukio la maneno 3,000 kwa senti 6 ni dola 180. Kwa bei hiyo toa raundi moja ya marekebisho. Ya pili iwe imeandikwa kwenye mkataba kwamba inalipwa, la sivyo senti 6 zinageuka senti 3 bila wewe kugundua.

Kazi nyingi za namna hii huuzwa pamoja na hakimiliki yote. Hilo si wizi, ndiyo biashara yenyewe, lakini basi usiuze kwa mtindo huo dunia uliyoibuni tangu shule.

fundi_wa_leseni

Nakubaliana na mhariri kuhusu nidhamu ya maneno. Kuhusu mpangilio, hapana. Miito haina ratiba. Miezi mitatu inaweza kupita pasipo hata mmoja unaolingana na mfumo unaoujua. Na mingi ikija inaomba sampuli. Kwa hiyo maliza kitu kidogo sasa, kurasa 4 hadi 8, ukiweke mahali watu wanaweza kukinunua.

Hapo ndipo wengi huchanganya masoko ya mashabiki na leseni huria. DMsGuild ilifunguliwa Januari 2016. Inakupa ruhusa ya kutumia dunia ya kubuni ya Forgotten Realms na viumbe vya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo wa Dungeons & Dragons, nawe unapata nusu ya bei. Watu hulalamikia ile nusu nyingine, lakini gharama kubwa iko kwingine: kazi ukishaiweka pale huwezi kuichapisha mahali pengine, na waandishi wenzako wa soko hilo wanaruhusiwa kutumia ulichobuni ndani ya soko hilo. Pathfinder Infinite ya mchezo wa Pathfinder (2021) na Miskatonic Repository ya mchezo wa Call of Cthulhu ziko katika ukoo huo huo. Soma mkataba wa kila moja kivyake.

Leseni huria ni habari nyingine. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, katika hati iitwayo SRD 5.1, ziko chini ya Creative Commons Attribution 4.0, na SRD 5.2 ikafuata Aprili 2025 kwa leseni hiyo hiyo. Unauza popote, kwa bei yoyote, na dunia uliyoibuni inabaki yako. Sharti ni kunakili tamko la utambuzi lililo mwanzoni mwa SRD, neno kwa neno. Jaladani unaweza kusema kazi yako inaoana na toleo la tano; nembo ya Dungeons & Dragons usiiguse. Pathfinder ya sasa hutumia leseni huria ya ORC, na mchezo wa Mörk Borg una leseni yake ya bure kwa watu wa nje.

Kosa linaloangusha wengi: takwimu za viumbe kama beholder, mind flayer, displacer beast na wenzao hazimo ndani ya SRD. Mtu amezizoea mezani akadhani ni mali ya wote. Kabla ya kupakia, chukua kila jina la kiumbe, uchawi na kitu ulilotumia, ulitafute ndani ya PDF ya SRD. Lisipopatikana, ondoa au buni lako.

mhariri_kasarani

@fundi_wa_leseni hoja ya sampuli naikubali. Ila kurasa 8 ni nyingi kwa mtu wa jioni. Mhariri husoma kurasa mbili. Namshauri aandike pango moja au jumba moja lenye vyumba vitano, ramani ya penseli iliyopigwa picha vizuri, kiumbe kimoja kipya. Maneno 1,500 yaliyokamilika yanamfaa kuliko 8,000 yenye mashimo.

hesabu_za_eastlands

Tuzungumze pesa, maana kwa mtu wa Nairobi ulinganisho unabadilika ukifika hapa.

Bei ya dola 5 DriveThruRPG inakuachia 3.50 ukiwapa haki ya kuuza peke yao, au 3.25 ukiuza na kwingine. Itch.io unachagua mwenyewe mgawo wao, kawaida asilimia 10. Baada ya ada za malipo unabaki na kama dola 4. DMsGuild ni 2.50.

Sasa kodi ya Marekani. Utajaza fomu ya W-8BEN, ile ya mtu binafsi. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo sehemu ya pili ya fomu, ya kudai nafuu ya mkataba, iache wazi. Wengi huandika "Kenya" pale na fomu inarudishwa. Kwenye namba ya kodi ya nje weka PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka ulioisaini.

Tofauti kubwa ni hii. Mrabaha unaotokana na wanunuzi wa Marekani ni mapato ya Marekani, na pasipo mkataba unaweza kukatwa asilimia 30. Malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa umeketi Nairobi, kama yale ya kwa neno, hayahesabiwi kuwa mapato ya Marekani na hayakatwi hiyo 30. Ukiuza nakala 50 itch.io kwa dola 4 mkononi ni 200. Wanunuzi wote wakiwa Wamarekani unaweza kubaki na 140. Zile 180 za mhariri zinafika 180, ukiondoa ada ya kutuma. Kwa hiyo usilinganishe bei za juu ya karatasi, linganisha kinachoingia.

Njia ya kupokea: karibu wote hulipa kwa PayPal. Pesa zikifika hapo unazihamishia M-Pesa au akaunti ya benki. Jina la PayPal na jina lililosajiliwa kwenye laini vifanane herufi kwa herufi, kwa sababu kutofautiana huko ndiko hukwamisha uhamisho. Kiwango cha kubadilishia cha PayPal ni cha chini kuliko cha soko. Pandisha bei yako kidogo ukijua hilo. Na mapato haya yanatangazwa iTax kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, hata yakiwa madogo.

Usipange kuchangisha pesa kwa Kickstarter. Zine Quest yao iliyoanza Februari 2019 ni nzuri kwa vijitabu, lakini Kenya haimo katika nchi ambazo mtu anaweza kufungulia mradi. Ukiona rafiki wa nje anajitolea kukufungulia kwa jina lake, jua kodi na deni la wateja vyote vitakuwa vyake kisheria. Andikianeni mkataba au acheni.

nyota_ya_syokimau

Kuhusu mashindano, kwa ufupi. Yanafaa kama mazoezi ya makataa, hayafai kama mpango wa pesa. One Page Dungeon Contest inataka ukurasa mmoja tu, nao unatolewa kwa leseni huria, hivyo mtu yeyote anaweza kuutumia. Zamani mashindano yalikuwa mlango halisi: RPG Superstar ya Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, iliyoanza 2008, ilimpa mshindi kazi ya kuandika tukio zima, na raundi ya kwanza iliomba kitu kimoja tu cha kichawi. Zoezi hilo bado ni bora kuliko yote ninayoyajua. Andika kitu kimoja cha kichawi kwa maneno 200, ukihesabu na takwimu zake, kisha ukikate hadi 150 bila kupoteza kanuni hata moja.

Jambo jingine: usitumie maandishi ya akili mnemba kwenye pendekezo. Paizo ilitangaza Machi 2023 kwamba mikataba yake inakataza, na wachapishaji kadhaa wana masharti kama hayo. Ukigunduliwa unafungiwa mlango moja kwa moja.

kete_ishirini

Asanteni sana wakuu. Swali kwa mhariri: pendekezo lenyewe linaandikwaje? Nina tukio la pwani, majahazi na upepo. Nahofia nikieleza mwisho wataibiwa utamu, au wataniibia wazo.

mhariri_kasarani

Eleza mwisho. Pendekezo si tangazo la filamu. Mhariri ananunua muundo, na muundo bila mwisho hauonekani. Wazo peke yake halina thamani ya kuibwa, kinacholipwa ni utekelezaji. Kwa wazo lako ningeandika hivi (kwa Kiingereza utakapotuma, bila shaka):

*Kusi Imechelewa. Tukio la kikao kimoja, wahusika wanne wa ngazi ya 3. Upepo wa kusi haujaja, majahazi ishirini yamekwama bandarini na chakula cha mji kinakwisha. Nahodha anawaajiri wahusika watafute sababu. Mtunza mnara ameufunga upepo ndani ya chupa: mwanawe amepangiwa jahazi la kwanza kwenda vitani. Sehemu tatu: uchunguzi bandarini, kupanda mnara unaolindwa na roho za upepo, uamuzi juu ya chupa. Wakiivunja, majahazi yanaondoka na wamepata adui. Wakimshawishi mzee, wana hadi alfajiri kumtoa kijana jahazini. Maneno 4,000, ramani mbili, kiumbe kipya kimoja.*

Ona kilichomo: urefu wa mchezo, ngazi, tatizo, siri, sehemu, chaguo lenye gharama pande zote mbili, na ukubwa wa kazi. Ona kisichokuwemo: historia ya ufalme. Na pwani yako iwe pwani kweli, yenye misimu ya kusi na kaskazi, bei ya nazi, ngalawa na jahazi visivyochanganywa. "Kijiji cha Kiafrika" kisicho na jina mhariri anaweza kukipata kwa mtu yeyote.

fundi_wa_leseni

Niongeze jaribio la mezani, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri hufia. Usiliendeshe mwenyewe. Chapisha nakala mbili nyeusi na nyeupe, River Road zinatoka kwa pesa kidogo, mpe mwongoza mchezo mwingine, kisha ukae kimya. Kila anapofungua ukurasa wa nyuma kutafuta kitu, weka alama hapo. Taarifa iko mahali pasipofaa. Kila anapokuuliza swali, jibu lake halimo kwenye maandishi. Maandishi ya kusomwa kwa sauti yakizidi maneno 60 hadi 70, wachezaji wanaanza kuangalia simu. Yakate.

Kama kazi inakwenda kwa mchapishaji wa Marekani, weka ukurasa wa Letter (milimita 216 kwa 279), si A4. Ukibadilisha mwishoni, mistari yote inahama na jedwali linakatika katikati.

kete_ishirini

Nimeelewa. Basi naandika jumba la vyumba vitano kwanza, chini ya SRD 5.1, huku nikifuatilia miito. Makataa yakisema 11:59 p.m., yaani dakika moja kabla ya saa sita usiku, kwa saa za Pasifiki, kwetu ni lini?

nyota_ya_syokimau

Asubuhi ya siku inayofuata. Wakati wa baridi kwao ni saa tano kasoro dakika moja asubuhi; kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, saa zao zikiwa zimesogezwa mbele, ni saa nne kasoro dakika moja. Lakini tuma usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla hujalala. Stima ikipotea asubuhi hiyo hutakuwa na wa kumlalamikia. Tuma faili moja yenye jina lako na jina la tukio, katika muundo waliouomba. Wasiposema, DOCX, kwa sababu mhariri atataka kuandika maoni pembeni na PDF inamsumbua.

hesabu_za_eastlands

Na hifadhi barua pepe ya kuthibitisha imepokelewa pamoja na nakala ya ukurasa wa mwito kama ulivyokuwa siku uliyotuma. Kurasa hizo hufutwa makataa yakipita, na hapo ndipo kiwango cha malipo kilipoandikwa.