Mjadala: Mkongwe wa mwisho wa vita, azikwe kitaifa?

Wakuu, askari wa mwisho aliyebaki hai kutoka vita fulani anastahili mazishi ya kitaifa hata kama hakuwahi kuwa na cheo? Wanaopinga husema heshima hiyo ni ya marais na majemadari. Huyu kajaliwa umri mrefu tu, ushujaa uko wapi?

Mimi naunga mkono, ila kwa sharti.

Ufaransa walilipitia hili. Lazare Ponticelli, mzaliwa wa Italia aliyeipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, aliahidiwa mazishi hayo na Rais Jacques Chirac, akayakataa. Aliona ni kuwakosea wenzake waliokufa bila kuenziwa na mtu. Baadaye alikubali, mradi shughuli iwe ya kawaida na iwe kwa ajili ya wote. Alifariki Machi 2008 akiwa na miaka 110, akaagwa Les Invalides, jengo la kihistoria la kijeshi jijini Paris, akazikwa kwenye kaburi la familia yake. Sasa hoja ya umri inabaki na nini, ikiwa walioagwa siku ile ni wote waliotangulia?

Lakini Ufaransa hiyohiyo ilikuwa na Abdoulaye Ndiaye wa Senegal, mkongwe wa mwisho wa askari wa Afrika Magharibi walioipigania katika vita hivyo. Alifariki tarehe 10 Novemba 1998, kesho yake ndiyo avishwe Légion d'honneur, nishani ya juu kabisa ya Ufaransa. Miaka 80 wamemwacha kijijini, halafu nishani inamkosa kwa siku moja! Inaniuma kila nikiikumbuka.

Na kwetu je? Wapagazi waliobebeshwa risasi na vyakula vya jeshi la Waingereza kumfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika vita hivyohivyo, walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi, na wengi majina yao hayajulikani. Tumebaki na Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na "Carrier Corps", kikosi chao cha wapagazi. Mpagazi wa mwisho alizikwa lini, kijiji gani? Hakuna wa kujibu.

Ndiyo maana sharti langu ni orodha kwanza. Bila orodha, "wa mwisho" atakuwa yule tu aliyebahatika kujulikana na wakubwa. Wapiganaji wa Vita vya Kagera vya 1978–79 bado tunao, wakiwemo mgambo waliochukuliwa vijijini. Napendekeza serikali za vijiji na mitaa ziwaandike sasa, na kila mmoja aulizwe mwenyewe anataka azikwe vipi. Anayeona hii ni gharama ya bure, alete hoja yake.